Shamba la Boazi: Bosi Akikosa Adabu Kazini, Mkristo Afanye Nini?

Somo: Ruthu 2:8–9 na 2:22



Kitabu cha Ruthu tumezoea kukisoma kwenye arusi. Juma hili nataka tukisome kama habari ya kazi. Ruthu alikuwa mgeni, mjane, hana kitu, akiokota masazo nyuma ya wavunaji. Kwa lugha yetu, kibarua asiye na barua ya kazi. Sasa angalia Boazi, mwenye shamba, alimwambia nini. Alimwambia asiende shamba lingine, akae karibu na wasichana wake, na kwamba ameshawaonya vijana wasimguse. Jioni Naomi aliposikia, alisema ni vizuri, kwa sababu katika shamba la mtu mwingine angeweza kudhuriwa. Mama mkwe alijua mambo ya mashamba. Biblia haikuyaficha.

Na sisi watu wa Kisii na Nyamira tunayajua mashamba. Tunachuma majani chai nyumbani, na vijana wetu wengi hupanda matatu kwenda Kericho kutafuta kibarua. Tarehe 20 Februari 2023, shirika la habari la BBC lilitoa uchunguzi kuhusu mashamba makubwa ya huko, yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 walisema wamenyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mwandishi mmoja alijifanya mtafuta kazi, akarekodi kwa siri jinsi alivyotakiwa kimapenzi ili apewe kazi. Mwanamke mmoja alieleza kwamba aliambukizwa virusi vya ukimwi na supavaisa wake. Kampuni zikawasimamisha kazi waliotajwa, na Bunge likaagiza uchunguzi. Lakini jiulize: wanawake hao jumapili walikuwa wapi? Wengi walikuwa kanisani, wameketi kama wewe, wamenyamaza.

Kwa nini walinyamaza? Njaa ni sababu, na karo ya watoto ni sababu. Lakini kuna sababu nyingine ambayo sisi wa kanisa tunachangia. Dada mmoja alinijia baada ya ibada ya katikati ya wiki. Kazini kwake bosi alikuwa anamshika-shika na kumtumia ujumbe usiku. Akaniuliza, “Pasta, nikimripoti, si itakuwa sijamsamehe? Na Biblia si inasema tutii wakubwa wetu?” Swali lake si la dada huyo peke yake, kwa hivyo nalijibu hapa.

Kwanza, kuhusu utii. Ni kweli Petro aliwaandikia watumishi wawatii mabwana wao, hata walio wakali. Lakini mkali ni yule anayekufokea au kukuongezea kazi. Mwili wako haumo katika mkataba wa kazi. Wakunga wa Kiebrania waliambiwa na Farao mwenyewe waue watoto wa kiume, wakakataa, na Mungu akawabariki. Utii kwa bosi unaishia pale anapokuamuru au kukushurutisha utende dhambi. Na ukimkataa hapo, hujamwasi mkubwa. Ni yeye aliyetoka nje ya mamlaka aliyopewa.

Pili, kuhusu msamaha. Wengine hutumia Mathayo 18, kwamba umwendee ndugu yako mkiwa wawili tu. Wapendwa, tusome vizuri. Pale ni ndugu na ndugu, na shabaha ni kumpata ndugu. Kumwambia msichana arudi peke yake ofisini kwa mtu aliyemfungia mlango si kutii Mathayo 18, ni kumrudisha mtegoni. Na hata sura hiyo haiishii kwa wawili. Inaenda kwa mashahidi, kisha kwa kusanyiko. Msamaha ni wa moyoni mwangu: sitaki kulipiza kisasi. Kuripoti ni kwa ajili ya yule msichana mwingine atakayeajiriwa mwezi ujao. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukaandika barua.

Na kutumia sheria si kukosa imani. Paulo alipochapwa viboko kule Filipi bila kuhukumiwa, wakuu wa mji walitaka atoke gerezani kimyakimya. Alikataa, akadai haki yake kama raia wa Rumi mpaka wakaja wenyewe. Sisi nasi tuna sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inasema wazi kwamba kumtaka mfanyakazi kimapenzi kwa ahadi au kwa vitisho ni unyanyasaji, pamoja na maneno, picha au kushikwa asikotaka. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hilo. Na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inamhusu mwenye mamlaka anayeendelea kumsumbua mtu hivyo akijua hatakiwi: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Tatu, kuhusu aibu. Sisi Abagusii tuna chinsoni. Tumefundishwa kwamba mzazi hasemi maneno ya chumbani mbele ya mtoto, na baba mkwe ana mpaka wake mbele ya mke wa mwanawe. Leo msichana ananyamaza kwa sababu ya aibu, anaogopa wazee watasema nini. Lakini chinsoni ilimfunga mkubwa pia! Mwanamume wa rika la baba yake akimshika, ni yeye aliyevunja mpaka. Aibu ni yake, arudishiwe.

Mtu ataniuliza, na wanaosingiziwa je? Swali ni la haki. Yusufu mwenyewe alisingiziwa. Lakini tukumbuke Yusufu alikuwa mtumwa, na aliyemtaka siku baada ya siku alikuwa mke wa bwana wake. Wanaume pia hunyanyaswa, na wasichekwe. Potifa alimtupa gerezani, na hatusomi popote kwamba alimuuliza neno. Dawa ya masingizio ni uchunguzi wa haki, si kunyamazisha watu. Na pale pasipo shahidi? Kumbukumbu la Torati 22 inasema juu ya msichana aliyeshikwa kwa nguvu shambani, akapiga kelele na hakuna wa kumwokoa, kwamba hana hatia. Sheria ya Mungu iliujua upweke wa shambani.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Yusufu alikimbia, na alilipa kwa kufungwa. Siwezi kumwahidi dada yeyote kwamba akikataa hatapoteza kazi. Kwa hivyo tukihubiri “kimbia kama Yusufu” na hatuna pa kumkimbizia, tumemtwika mzigo ambao hatuugusi kwa kidole. Akifutwa, karo italipwa na nani? Unga utatoka wapi? Hapo ndipo imani yetu inapimwa. Na yule aliyelegea kwa sababu ya mkate wa watoto, asitupiwe mawe hapa. Aje tumsaidie atoke.

Kwa hivyo, ukisumbuliwa: andika tarehe, saa, mahali na maneno. Usifute jumbe. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Ripoti kwa maandishi kazini, kwa chama cha wafanyakazi au kwa afisa wa leba. Ukishikwa kwa nguvu, usioge, nenda hospitali kabla ya saa 72 kupita, kisha polisi. Nambari 1195 ni ya bure, mchana na usiku.

Na wewe mwenye duka, hoteli, saluni, shule, au robo ekari ya chai yenye wachumaji wawili, wewe ni Boazi wa mtu. Hata mimi mchungaji ni bosi wa wale wanaofanya kazi katika ofisi ya kanisa. Boazi hakungoja Ruthu alie. Aliwaonya vijana mapema. Wewe umewaonya wako lini?

Tuombe. Bwana, wape wanaoteswa kazini ujasiri, nasi utupe mikono ya kuwapokea. Yafanye mashamba yetu yawe mahali ambapo Naomi anaweza kumtuma binti yake asubuhi bila hofu. Amina.