Mdomo Ukipinda Alfajiri

Msikilizaji wa Masasi na Newala, huenda saa hii mzee wako anaamka, anajaribu kuitikia salamu na maneno yanakwama. Mdomo umevutwa upande. Mkono uliookota korosho jana hauinuki. Hicho ni kiharusi: mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, na ubongo unakufa dakika kwa dakika.

Mwombe atabasamu, ainue mikono yote miwili, ataje jina lake. Kimoja tu kikimshinda, tafuta usafiri wa kwenda hospitali. Usimpe chai, uji wala kidonge, maana anaweza kupaliwa. Mlaze ubavu. Kumbuka pia saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Daktari ataiuliza, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo.

Najua umbali wetu. Kushuka kutoka uwanda wa juu wa Newala hadi hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda ni safari, achilia mbali hospitali ya rufaa ya kanda kule Mtwara. Ndiyo maana naumia sana nikisikia mgonjwa amepitishwa kwanza kwa mganga, eti kapigwa na jini.

Wengine dalili huwaisha baada ya dakika chache, wakabeba jembe wakaenda shamba. Nao wapelekwe hospitali leo hii. Chanzo kikubwa cha kiharusi ni shinikizo la juu la damu, nalo mara nyingi haliumi. Ukipita zahanati asubuhi hii, omba upimwe presha.