Halali Si Ruhusa ya Kuangamiza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa bara na bahari. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, imetufikia barua ya ndugu yetu afanyaye biashara Migwani, katika nchi ya Kitui, ambaye huuza papa mkavu atokaye kwetu pwani. Atueleza kwamba watu walikuwa dukani kwake wakitazama picha za Afrika Kusini: wageni wameingia katika tundu la chuma, wakashushwa baharini, na papa weupe wakubwa wakizunguka nje. Mzee mmoja wa Kikamba aliposikia kwamba nyama ya dukani ni ya jamaa za mnyama yule, alisema: "Sisi tukimpiga swala mshale twapelekwa kortini. Nanyi watu wa pwani mwamuua mnyama ambaye wengine hulipa mali wapate kumtazama tu, wala hamuulizwi neno. Je, hiyo ni haki?" Ndugu yetu hakuwa na jawabu, naye ataka tumsaidie.

Kwanza tuondoe shaka iliyo nyepesi. Kumla papa ni halali. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuvi ya bahari katika Sura ya Al-Maida, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba maji ya bahari ni tohara na maiti yake ni halali. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Kishafii hawakumtoa papa katika hukumu hiyo kwa sababu ya meno yake. Basi anayekula mchuzi wa papa wa nazi na ale kwa jina la Mola wake. Lakini mzee yule hakuuliza habari za kula. Aliuliza habari za kumaliza, na hilo ni jambo jingine.

Tuitazame nchi yake yeye mwenyewe. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka Mombasa na pembe za ndovu, na wafanyabiashara wa pwani wakizinunua na kuzipakia majahazini. Pembe zilitoka bara, lakini faida ilipita mikononi mwetu. Watu wa zama zile walidhani ndovu hawaishi. Katika nchi ya Tsavo, ipakanayo na Kitui na Makueni, ndovu walikuwa zaidi ya 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilipofika 1988 walikuwa wamebaki kiasi cha 6,000. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilikataza uwindaji, na tangu hapo mtu wa Ukambani akaufungia upinde wake. Biashara ilikuwa ya wengi, lakini aliyeulizwa zaidi ni maskini mwenye mshale.

Sasa tuirudie bahari. Papa si kama changu atagaye mayai kwa maelfu. Mbingusi, yule papa mwenye kichwa mfano wa nyundo, huchukua mimba karibu mwaka mzima, na jike lake hukaa miaka mingi kabla ya kupevuka. Papa mweupe mkubwa, ambaye amepata kuonekana kwa nadra katika maji ya Kenya na ya Unguja, jike lake lakadiriwa kupita miaka 30 ndipo lizae. Anayemvua mtoto wa papa kabla hajazaa ni kama mtu akatae mnazi mchanga ili ale kilele chake: amekula siku moja, na shamba limekufa. Wataalamu walieleza mwaka 2021 kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Na ambaye hasomi vitabu vya wataalamu na awaulize wavuvi wazee wa Lamu, Malindi au Vanga, papa wa siku zao walikuwa na ukubwa gani, kisha atazame wale wachanga, urefu wa mkono, waliopangwa leo juu ya meza za samaki.

Twasikia watu wakisema: "Papa ni adui, hula watu, acha amalizike." Maneno hayo hayana uzito. Katika dunia nzima watu wauawao na papa pasipo kuwachokoza hawafiki kumi katika miaka mingi; na papa waliouawa na binadamu mwaka 2019 wakadiriwa kuwa milioni 80. Ni nani basi aliye adui wa mwenziwe?

Na wengine husema: "Bahari ni pana, na riziki iko kwa Mungu." Ni kweli riziki iko kwa Mungu. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwamrisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Anayeharibu chombo cha riziki kisha akasema ametawakali, hajatawakali. Amefanya utovu wa adabu mbele ya Mpaji. Qurani imetuambia katika Sura ya Ar-Rum kwamba uharibifu hudhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yachumwayo na mikono ya watu. Bahari imetajwa humo kwa jina lake. Hatuna udhuru.

Liko jambo baya kuliko yote, nalo ni mapezi. Katika bahari nyingi za dunia papa hukatwa mapezi yake angali hai, kisha kiwiliwili hutupwa majini kizame, kwa kuwa pezi hupata bei kubwa Hong Kong na China kwa supu ya matajiri, na nyama haina bei. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameuwajibisha wema katika kila kitu, hata katika kuua. Kumkata mnyama na kumwacha afe kwa mateso, na nyama yake kuitupa, ni dhuluma na israfu kwa pamoja.

Wala tusidhani kwamba kila anayemtazama papa pasipo kumla ametenda mema. Mwaka 2013 palipendekezwa hapa petu, katika bahari ya Waa, Kwale, pajengwe zizi la nyavu wafungiwe papa shilingi, ili watalii waogelee nao. Watu wengi walipinga, na mpango ule haukutimia. Sote twaijua habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Afadhali tundu la Afrika Kusini, ambamo afungwaye ni mtu na papa yu huru. Nchi ile ilikuwa ya kwanza kumlinda papa mweupe kwa sheria, mwaka 1991.

Wazee husimulia kwamba Mungu alipompamba papa shilingi aliamuru atupiwe fedha mgongoni, ndipo akawa na madoa yale. Hadithi hiyo haina asili katika dini, wala haifai kuisadiki. Lakini pasipo hadithi yoyote twajua kwamba viumbe ni umma mfano wetu, kama ilivyo katika Sura ya Al-An'am.

Basi jawabu letu kwa mzee wa Migwani ni hili: umesema haki. Sheria za dunia zimeanza kutuuliza. Mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe, ambao Kenya imo, ulimtia papa mweupe katika orodha yake mwaka 2004, mbingusi mwaka 2013, na mwaka 2022 ukaingiza jamaa nyingi za papa, hata pezi lisivuke mpaka pasipo kibali. Lakini Muislamu hangoji askari. Amana huulizwa na Mwenye kuiweka.

Wala tusiyarudie makosa ya pembe, tukamkamata mvuvi mwenye ngalawa tukamwacha tajiri. Mvuvi avuaye kwa juya, lililokatazwa tangu 2001, mara nyingi amelipewa na tajiri kwa deni. Basi mwenye mali na asikopeshe nyavu za haramu, wala asinunue mapezi yasiyo na kibali. Mama wa nyumbani na amkatae papa mchanga sokoni, kwani kisichonunuliwa hakivuliwi. Mvuvi akimpata mdogo angali hai, na amrudishe. Na wenye uwezo watoe sadaka zao wavuvi wapate nyavu za halali, kwani kumkataza mtu riziki pasipo kumsaidia ni dhuluma nyingine.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema Zako kwa kuzihifadhi, wala usitufanye wa mwisho kuzionja. Amin.