Faida ya Elimu ya Viumbe

Huenda wajiuliza, msomaji, elimu ya viumbe yafaa nini katika zama hizi za mitambo. Itazame ngano ya Eldoret. Mwaka 1998 kuvu mpya ya kutu ya shina, iitwayo Ug99, iligunduliwa Uganda. Baadaye ikaenea Kenya. Shamba lililoshambuliwa liliweza kuharibika kabla ya mavuno. Trekta haikuweza kuliokoa, kwani chuma hakijui siri ya mmea.

Siri hiyo ilitafutwa na wataalamu wa mbegu. Chuo Kikuu cha Eldoret, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kilitumia mionzi kubadili urithi wa mbegu, kikachagua mimea iliyostahimili ugonjwa. Mwaka 2014 zikatolewa aina mbili: Eldo Ngano 1 na Eldo Mavuno. Mionzi ilifanya mabadiliko. Lakini jema na baya vilipambanuliwa na elimu ya viumbe.

Tena kuvu hubadilika. Mbegu ishindayo leo yaweza kushindwa kesho, na atakayetafuta nyingine huenda ameketi darasani sasa. Basi usijifunze kwa ajili ya mtihani tu: somo unalolidharau laweza kuwa mkate wa jirani yako.