Arbuni ya Kiwanja na Haki ya Dada



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, watu wa nyumba yake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, maneno haya niliyasema kwanza katika darasa letu la Ijumaa baada ya Alasiri, kisha mhariri akaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, isipokuwa nimeongeza mambo mawili matatu ambayo siku ile niliona haya kuyatamka mbele za watu.

Swali lililoletwa kwenye kikaratasi lilikuwa hili: mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, akitaka kununua kiwanja au nyumba, je, wazazi wake wamtolee arbuni? Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimekaa mbele ya mama yangu, Namuwongo, nikimwomba jambo hilohilo.

Wengi wenu mnaijua Namuwongo kwa kupita tu. Juu yake kuna Muyenga na majumba yake, chini kuna reli na mfereji wa Nakivubo, na ng'ambo ya reli ni Eneo la Viwanda. Babu yangu aliletwa Kampala na kazi ya reli kutoka Kenya, ndiyo maana nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili. Baba alikuwa fundi wa kuchomea vyuma mpaka macho yakaanza kumsumbua. Alinunua kibanja kidogo na kujenga vyumba vinne kwa mstari. Viwili tunakaa, viwili tunapangisha. Chumba kimoja cha namna hiyo Waganda hukiita muzigo, na sisi wa Kiswahili tukilisikia neno hilo hutabasamu, ingawa mwisho wa mwezi huwa ni mzigo kwelikweli kwa mpangaji. Kodi ya vyumba viwili ndiyo pensheni ya wazazi wangu. Juu ya hiyo kuna mandazi anayokaanga mama alfajiri, yeye na dada yangu.

Mimi nafundisha sekondari huku nikisoma shahada ya pili. Nilikuwa nimeposa. Wazee wa upande wa mchumba waliuliza, kwa adabu kabisa, binti yao atakaa wapi. Nikaonyeshwa kiwanja nje ya mji, upande wa Gayaza, futi 50 kwa 100, shilingi milioni 24. Muuzaji alitaka milioni 8 kwanza, zilizobaki kwa mwaka mmoja. Nilimpa milioni moja yangu ya kushikia. Zile 7 nilijua ziko wapi: mama alikuwa na akiba ya milioni 9 katika chama chao cha akina mama.

Nilimwendea mama peke yake. Sikumwendea baba, wala sikusema mbele ya dada. Nataka mlitazame hilo vizuri, kwa sababu mtu anayeomba jambo la haki haangalii kwanza nani yuko jikoni.

Nianze na lililo wazi. Baba hana deni la nyumba kwa mtoto wake mzima mwenye afya na uwezo wa kuchuma. Masheikh wa madhehebu yetu ya Shafi wamelieleza: matumizi ya mtoto ni juu ya baba mpaka abaleghe na aweze kujitegemea, baada ya hapo, akiwa fukara asiyeweza kuchuma, ni habari nyingine. Wako Wahanbali waliosema kwamba baba mwenye uwezo, ambaye bado analazimika kumlisha mwanawe, amuozeshe pia akihitaji mke. Basi hata hao wamelifunga jambo hilo kwa uwezo wa baba na uhitaji wa mtoto. Sikuona popote kwamba mwalimu mwenye mshahara ana haki ya kudai akiba ya muuza mandazi kwa ajili ya futi 50 kwa 100. Wazazi wakitoa, ni hiba, zawadi, na malipo yao yako kwa Allah. Wasipotoa, hawakumdhulumu mtu.

Lakini hiba nayo ina sharti lake, na hapa ndipo kisa cha Nu'man bin Bashir kinapotuhusu. Mama yake, Amra bint Rawaha, alimtaka mumewe ampe mtoto wao zawadi, na hakuridhika mpaka Mtume (s.a.w.) ashuhudie. Bashir akaenda. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa alichompa huyu. Akasema hapana. Mtume akakataa kuwa shahidi, akamwamrisha amche Allah na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Na Bashir akarudi akaichukua zawadi yake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na kila mmoja wetu amekisikia. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi nami nikidhani kinawahusu matajiri wenye wake wawili.

Wanazuoni wamekhitalifiana hapa. Kwa Imam Ahmad kusawazisha ni wajibu. Kwa jamhuri ya wanazuoni ni sunna iliyosisitizwa, na kupendelea ni makuruhu. Wakakhitalifiana tena kama kusawazisha ni kumpa binti sawa na mvulana, na ndiyo kauli ya wengi, au ni kufuata mafungu ya mirathi. Na Ibn Qudama katika al-Mughni ameruhusu kumzidishia mtoto mmoja kwa sababu inayojulikana, kama maradhi, au watoto wengi wa kulisha, au kushughulika na elimu. Niliposoma hapo nilifurahi. Nikajiambia: mimi si mwanafunzi? Ndipo nikamkumbuka dada.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Aliacha shule Senior Four, mwaka ambao karo haikutosha watoto wawili, na aliyebaki darasani ni mimi. Aliolewa, akaachika, akarudi nyumbani na watoto wawili, na tangu hapo anaamka saa kumi usiku kukanda unga. Zile milioni 9 zilikuwa kwa jina la mama, lakini nusu ya mikono iliyozitafuta ilikuwa ya dada. Kwa hesabu ya Ibn Qudama, nani mwenye sababu? Maradhi hakuna kwetu, alhamdulillah. Watoto wa kulisha anao yeye. Na hilo fungu la elimu nilikwisha kulichukua zamani, bila mtu kuliandika mahali.

Msinielewe vibaya. Sisemi wazazi wasisaidie. Sa'd bin Abi Waqqas alipougua na kutaka kutoa sadaka mali nyingi, Mtume (s.a.w.) alimzuia isivuke thuluthi, akamweleza kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba kwa watu. Mzazi mwenye nafasi akimwezesha mwanawe kupata paa mapema, akimuepusha na mkopo wa riba, huyo kafanya jambo kubwa. Uganda ilibadili sheria ya mabenki mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na Salaam Bank ikapata leseni yake mwaka 2023. Lakini kijana wa mshahara wangu akiingia benki yoyote huulizwa ana nini cha kuweka rehani, na jibu ni lile lile. Kwa hiyo naelewa kwa nini tunawakimbilia wazazi. Ninachouliza ni mkono unaotoa umebakiwa na nini. Mwaka 2014, zilipobomolewa nyumba za kando ya reli kwetu, nilikuwa kijana mdogo, na niliona wazee wamekaa juu ya magodoro yao barabarani. Tangu siku ile mama anaweka akiba. Hakuwa akiniwekea mimi. Alikuwa akiiogopa siku kama ile.

Na jambo la pili ni arbuni yenyewe. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu pamoja na mzozo wake. Wengi wa wanazuoni walikataa muuzaji kula arbuni pale mnunuzi anaposhindwa, kwa kuwa ni mali iliyochukuliwa bila badala. Imam Ahmad akairuhusu, akitegemea kisa cha Nafi' bin Abdul-Harith, aliyemnunulia Sayyidna Umar (r.a.) nyumba ya Safwan bin Umayya kule Makka iwe jela, kwa sharti kwamba Umar akiridhia biashara imepita, na asiporidhia Safwan apate mia nne. Kampala bila shaka ni ya madhehebu ya Imam Ahmad. Nilipomrudia muuzaji wangu kumwambia siwezi kuendelea, alinitazama kama niliyemwomba figo. Ile milioni moja mpaka leo iko kwake. Wallahi siku hiyo nilitamani jamhuri ya wanazuoni wawe na ofisi mjini.

Basi fikirieni kama zingekuwa 8. Kiwanja chenyewe kilikuwa kibanja juu ya ardhi ya mailo, yaani mwenye ardhi ni mtu mwingine, na ridhaa yake ilikuwa haijatafutwa. Mshahara wangu ungechelewa miezi miwili tu, kiwanja kingekwenda na mandazi ya miaka mingi yangekwenda nacho.

Nani aliniamsha? Ni kisa cha Abu Bakr (r.a.), kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik, nilichokikuta nikitafuta kitu kingine. Alikuwa amemuahidi binti yake Aisha (r.a.) tende za wasaki 20 kutoka shamba lake. Mauti yalipomkaribia alimwita, akamwambia kwamba hakuna mtu anayependa awe na mali baada yake kuliko yeye, wala ambaye ufukara wake ungemuuma zaidi. Lakini kwa kuwa hakuzivuna na kuzichukua zikawa mkononi mwake, leo ni mali ya warithi: kaka zake wawili na dada zake wawili. Aisha akashangaa, maana dada alimjua mmoja tu, Asmaa. Abu Bakr akamwambia wa pili yumo tumboni mwa mkewe, naye anadhani ni msichana. Na akazaliwa msichana.

Nilikaa na kisa hicho usiku kucha. Mtu yuko kitandani anakufa, anampenda binti huyu kuliko wote, na anakumbuka haki ya mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi nilikuwa nimepita pembeni ya dada aliye hai, aliyekuwa anakanda unga upande wa pili wa ukuta.

Asubuhi nilimwambia mama asitoe kitu mpaka tukae wote. Tulikaa Jumapili baada ya Adhuhuri: baba, mama, dada, mdogo wangu mwenye boda boda, na mimi. Nilisema niliyoyaomba na namna nilivyoyaomba. Baba alikuwa hajui. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama nilidhani macho yake yakififia na masikio yamekwenda. Mama alilia kidogo, akasema mtoto ni mtoto. Mdogo wangu akasema yeye hana neno, ila kama pesa zinagawiwa basi pikipiki yake ina deni.

Dada hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema akiba ya mama isiguswe kwa kiwanja cha mtu yeyote. Kama nataka kuoa, nikopeshwe milioni 2 za kuanzia chumba cha kupanga na walima mdogo, nizirudishe laki moja kila mwezi bila nyongeza, na iandikwe. Mama akataka kusema ni zawadi. Dada akamjibu, "Mama, kama ni zawadi, yangu iko wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Baba ndiye aliyeamua: iwe qardhi, mashahidi wawili, na chumba kimoja kati ya viwili vya kupangisha kodi yake iwe ya dada tangu mwezi ule, mpangaji ajulishwe siku hiyohiyo. Mdogo wangu aliahidiwa kusaidiwa deni lake, na baba akatoka palepale, akiongozwa na mjukuu, akagonga mlango wa mpangaji.

Kwa wazee wa mchumba wangu nilikwenda na ukweli: sina kiwanja, nina muzigo wa kupanga Kisugu na deni kwa mama yangu. Ami yake akauliza kama mlango unafungika. Nikasema unafungika. Tulifunga ndoa mwezi wa Shawwal.

Marejesho hupokewa na dada, ndiye mwenye daftari. Mwezi uliopita nilichelewa siku tatu. Nilipompa laki moja aliihesabu, akaniuliza habari za mke wangu, akanikaribisha chai, kisha akafungua daftari na kuandika pembeni ya jina langu: siku tatu.