Mkono Unaopokea

Mtu anayetoa siku zote na hakubali kupokea, je, anatenda wema? Swali hili ninalo tangu nikiwa mkunga kijana, na halikunijia kutoka vitabuni. Lilinijia wodini. Mama maskini akijifungua salama, kesho yake ndugu zake hufika na kuku aliyefungwa miguu, au nazi mbili ndani ya kikapu. Kanuni za kazi zinakataza kupokea, na ni kanuni nzuri, maana kuku wa leo ndiye hongo ya kesho. Lakini nimemwona bibi akirudishiwa nazi zake mlangoni. Alikuwa na mjukuu mzima mkononi, na juu yake fedheha ambayo hakuja nayo.

Swali hilo lilinirudia kwa nguvu nilipokaa wiki nzima na mke na mume kutoka Marekani, watu wazima waliokwisha kustaafu, waliokuja hapa Bagamoyo kwa kazi ya kanisa lao. Ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi tunalijua kwa vijana wake wanaotembea wawili wawili na mashati meupe na tai, ila lina utaratibu mwingine wa wastaafu. Watoto wakishajitegemea, mke na mume huaga nyumba na wajukuu, huenda wanakotumwa kwa miezi kadhaa, wengine karibu miaka miwili, na gharama ni zao wenyewe. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa hapa, na nimestaafu uuguzi. Wakunga wa kituo kimoja cha afya waliniomba niwasaidie wageni wao lugha na njia.

Asubuhi walikuwa na huduma, alasiri matembezi. Haikunichukua muda kuona kwamba matembezi yaliwatia haya. Kila tulipopanda bajaji kwenda kutazama kitu, yule mzee alisema kwamba wamekuja kutumika, kutalii ni kwa ajili ya kupumzika tu. Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Hata hivyo naamini kinyume chake: saa zile za alasiri, alizoziona kama ruhusa ya kupumzika, zilikuwa nusu nzito zaidi ya kazi yao.

Huduma yenyewe sitaki ionekane ndogo. Walileta midoli ya kufundishia wakunga jinsi ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Mdoli mmoja hujazwa maji ya uvuguvugu mpaka anakuwa na uzito wa mtoto wa kweli. Ukimnyanyua, kichwa kinaanguka nyuma kama cha mtoto aliyechoka na uchungu wa safari ya kuzaliwa. Kwenye kitovu kuna mrija. Mkufunzi akibonyeza kwa siri upande wa pili, mrija unapiga kama moyo. Akiacha, unanyamaza, na unaona jasho likimtoka mkunga. Unamkausha, unamsugua mgongo, unamweka kichwa sawa, na kama bado hajavuta pumzi unamwekea barakoa na kubonyeza ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa, yote ndani ya dakika ya kwanza. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupima mafunzo haya. Utafiti wa hospitali nane uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mimi niliyewahi kumfunika mtoto kanga mpaka usoni naijua thamani ya asilimia hizo.

Siku za mwanzo darasa lilikuwa baridi. Wakunga wetu waliitikia kila kitu kwa adabu, na adabu ya namna ile mimi naijua, ni ya mtu anayesubiri semina iishe achukue posho. Kisha umeme ukakatika. Mama mgeni, ambaye naye alikuwa muuguzi kwao, akasimama na mikono hewani. Maisha yake yote amefanya kazi chini ya taa na kando ya mashine. Mkunga mmoja binti, sijui kama amefika miaka thelathini, akachomeka simu yake kwenye kilemba, tochi ikimulika chini, akashika mzizi wa kitovu cha mdoli kwa vidole viwili, akahesabu mapigo kwa sekunde sita na kuyazidisha kwa kumi, huku mkono mwingine ukiwa tayari kwenye ambu. Mgeni akamwomba arudie. Akamwomba tena. Halafu akavua miwani na kusema, kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Nifundishe, tafadhali." Akafungwa kilemba, akachomekewa simu, akafanya mpaka mikono ikakubali.

Tangu saa ile maswali yalimiminika. Binti yule yule, aliyekuwa kimya, akaanza kuuliza kuhusu watoto njiti, kuhusu maji kwenye mapafu, kuhusu mambo ambayo hakuna mtu huuliza mbele ya mgeni asipomwamini. Elimu ilikuwa ile ile na midoli ile ile. Tofauti ni kwamba sasa naye alikuwa ametoa kitu, na kikapokelewa.

Alasiri moja nikawapeleka Misheni ya Kikatoliki, tukipita kwenye njia ya miembe mikubwa. Mbuyu uliomeza mnyororo waliupiga picha kama kila mtu. Nilitaka wafike haraka kwenye jumba la makumbusho, lililokuwa nyumba ya masista, kwa sababu pale ndipo swali langu lilipo uchi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 na kujenga hapa, mji huu ukiwa wa Waislamu, chini ya Sultani. Walinunua watumwa, wengi wao watoto, na kuwapa uhuru. Wakawapa chakula, shule, ufundi, ubatizo, mke au mume, nyumba katika kijiji cha Wakristo, na kazi kwenye mashamba. Kila kitu walipewa. Na kila kitu kilikuwa na saa yake na kengele yake. Wapo waliotoroka, na wapo waliobaki wakazeeka pale. Siwezi kuwahukumu mapadri wale kirahisi. Makaburi yao yapo nyuma kidogo, na ukisoma miaka iliyoandikwa utaona wengi walikuwa vijana waliouawa na homa kabla hawajajua Kiswahili vizuri. Walitoa mpaka wakaisha. Ila najiuliza yule mtoto aliyenunuliwa angelipa lini, na angelipa nini, ili ajione mtu kamili mbele ya aliyemnunua.

Jibu moja nililipata kwenye habari ya Mhonda. Mwaka 1877 Misheni ilipofungua kituo huko bara, mapadri hawakwenda peke yao. Walifuatana na Wakristo wa kijiji kile cha watumwa waliokombolewa, mke na mume, wakawe mwanzo wa kijiji kipya. Nikawaambia wageni wangu: wamisionari wa kwanza wa aina yenu kuondoka Bagamoyo, yaani mke na mume wanaotumwa pamoja, walikuwa Waafrika waliowahi kuuzwa sokoni. Hawakuombwa sana maoni yao, hilo nalijua. Lakini walifika kule kama watu wenye kitu cha kutoa: mbegu, ufundi, sala, mfano wa ndoa. Mzee alinyamaza muda mrefu. Mkewe akauliza majina yao yameandikwa wapi. Sikuwa na ukuta wa kumwonyesha.

Kwetu Waislamu wa Bagamoyo habari kama hiyo ina jina, nalo ni Sheikh Ramiya. Aliletwa hapa akiwa mtoto, mtumwa kutoka Umanyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na mpaka alipofariki mwaka 1931 watu wa mji uliompokea kama bidhaa walikuwa wakimbusu mkono. Hakuna hotuba ya kukomesha utumwa inayoweza kufanya kazi hiyo. Mtu aliyeshushwa husimama wima siku wengine wanapohitaji alicho nacho na kukiri kwamba wanakihitaji.

Kisha tukaenda chini ya mnara wa kanisa la zamani. Hapa ndipo ulipolala mwili wa mmisionari David Livingstone usiku mmoja, ulipofika tarehe 24 Februari 1874. Wageni walijua habari za Livingstone, wamezisoma tangu utotoni. Waliombeba hawakuwajua. Livingstone alikufa mwezi Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake wakazika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakatembea nao miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, kupita vijiji vilivyoogopa maiti. Wengine walikufa njiani. Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Mbele yao walikuwa James Chuma, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kubatizwa Bombay, na Abdullah Susi, Mwislamu.

Mara nyingi nimemfikiria Susi. Mtu wa dini yangu amebeba maiti ya mhubiri wa dini nyingine kutoka Chitambo hadi baharini, bila mtu wa kumlazimisha, na hakubatizwa mpaka mwaka 1886, kwa hiari yake, wakati Livingstone hayupo tena kumsifu. Huo ndio utumishi mkubwa kuliko wote uliopita katika mji huu, na anayeutoa ndiye ambaye vitabu vinamwita mtumishi wa mmisionari. Livingstone mwenyewe, siku zake za mwisho, hakuweza kutembea. Alibebwa kwenye machela kama mtoto. Nadhani hapo alikuwa karibu zaidi na watu aliokuja kuwahudumia kuliko wakati wowote wa safari zake. Ila walioupokea mwili wake pwani hawakuona hivyo. Kati ya waliombeba, Jacob Wainwright peke yake alipanda meli na jeneza. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya maziko ya Westminster Abbey kwisha. Ujira walilipwa. Deni halikukubaliwa.

Kwenye magofu ya Kaole tulikwenda siku nyingine, asubuhi na mapema, kabla ya jua kali na kabla ya huduma. Msikiti ule wa karne ya 13 umebaki kuta na mihrabu, na makaburi ya matumbawe yamezungukwa na nyasi. Waongozaji husimulia kuwa kaburi moja ni la mke na mume waliozama baharini pamoja. Wageni wangu walisimama hapo wakashikana mikono, nami nikawaacha. Kwenye kisima, kijana mwongozaji alichota maji akataka kumnawisha mzee. Mzee akarudisha mikono nyuma, akasema atajichotea mwenyewe. Mkewe akamtazama. Basi akainyoosha, kijana akamimina taratibu, na mzee mrefu wa kimo kile akainama kama mtoto anayetawadhishwa.

Najua linaloweza kusemwa dhidi yangu. Dini yangu inafundisha kwamba mkono wa juu ni bora kuliko wa chini, na ni kweli. Inatukataza uvivu na kuombaomba. Lakini Mtume (s.a.w.) alipokea zawadi na akailipa, na alisema angeitikia mwaliko hata chakula kikiwa kwato. Hakujiweka juu ya sahani ya maskini. Nabii Isa naye, katika Injili wanayoisoma wageni wangu, alianza mazungumzo yake na mwanamke wa Samaria kwa kumwomba maji ya kunywa. Alikuwa na mengi ya kumpa. Akaanza na kiu yake.

Ijumaa, baada ya sala, nikawaalika nyumbani. Nilipika pweza wa nazi, wali, na mchicha. Walipomaliza, mzee akaingiza mkono mfukoni. Mkewe akaushika mkono ule na kumwambia kwamba wale sabini waliotumwa na Yesu wawili wawili walikatazwa kubeba mkoba, na wakaambiwa wale wanachowekewa. Alikuwa akimkumbusha mumewe, lakini alizungumza polepole ili nami nielewe. Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

Hapo nikaona naweza kumuuliza jambo lililokuwa kifuani kwangu wiki nzima. Nikamwambia, "Baba, midoli na mafunzo haya, ni ili tuingie kanisani kwenu?"

Hakuzunguka. Akasema angefurahi sana nikiingia, kwa sababu anaamini ni kweli na ananipenda, lakini mafunzo wangeyaleta hata kama hakuna atakayeingia, na mdoli hasali. Nikamwambia nami ningefurahi sana akitoa shahada, kwa sababu hizo hizo. Ningemwona muongo kama angesema hana nia hiyo. Ninachoogopa ni nia iliyofichwa chini ya zawadi, kwa sababu mpokeaji hawezi kuijibu. Ikiwekwa mezani kando ya sahani, inakuwa jambo kati ya watu wawili wanaoheshimiana, na kila mmoja ana haki ya kusema hapana na kuongeza wali.

Kabla hawajaondoka kwenda Dar es Salaam, mama aliniuliza walete nini wakirudi. Mwanzoni mwa wiki ningesema, "Chochote, ahsante," kama tunavyowajibu wafadhili. Nikamwambia barakoa za ambu namba sifuri, zile ndogo za njiti, kwa sababu namba moja tunazo na sifuri ndizo zinazopotea na kuchanika. Na nikamwambia yule binti wa kilemba aandaliwe cheti cha ukufunzi, awe yeye anayefundisha vituo vya Kerege na Mapinga. Akayaandika yote mawili.