Mlio wa Gurudumu na Neno "Sikujua"

Kamyo inapoanguka njiani, watu wanaokusanyika huuliza swali moja: Je, shofere alijua? Naye akijibu, "Sikujua," wengi humhurumia. Asiyejua hana kosa, ndivyo tunavyosema. Neno hilo ni la kweli, lakini si kila mara. Tulipime kwa mfano wa gurudumu la mbele linalolia.

Tumfikirie shofere anayetoka Bukavu kwenda Uvira. Maji ya Ziwa Kivu yako kwenye kimo cha metre 1460 hivi, na yale ya Tanganyika kwenye metre 770 hivi. Basi njia hiyo, toka ziwa hata ziwa, yateremka karibu metre 700. Mahali pakali ni mteremko wa Ngomo, kabla ya kufika Kamanyola, na kila anayepita kule anajua makona yake na mabonde yaliyo chini yake. Kamyo imejaa magunia, na juu ya magunia wameketi watu, akina mama na watoto pia. Kabla ya kufika Ngomo shofere asikia mvumo mbele, kama nyuki ndani ya mzinga.

Afanye nini? Kwanza, asikilize vizuri. Mlio wa injini hufuata injini. Mlio wa gurudumu hufuata mwendo wa kamyo. Basi mahali pa tambarare, pasipo na hatari, aondoe mguu kwenye mafuta: kama injini inatulia na mvumo unaendelea sawasawa na mwendo, injini haina neno. Kisha aangalie makona. Njia ikipinda kushoto, uzito wa kamyo hulalia upande wa kulia. Mvumo ukizidi hapo, gurudumu la kulia ndilo la kushukiwa. Ukizidi njia inapopinda kulia, ni la kushoto. Asiamini sikio tu, kwa sababu chuma cha kamyo hupeleka sauti mbali, na mlio wa kushoto waweza kusikika kana kwamba uko chini ya kiti cha kulia.

Tena milio haifanani. Mlio unaokuja mguu unapokanyaga freni, kama chuma kinachokwaruza chuma, mara nyingi ni vitambaa vya freni vilivyokwisha. Mgongo wa kamyo ukigonga kila mara gurudumu linapoingia shimoni, tazama springi na vyuma vinavyozishika. Kugongagonga katika mwendo wa polepole kwaweza kuwa nati za gurudumu zimelegea, na hapo hakuna kungoja hata kilometre moja. Lakini mvumo unaopanda pamoja na mwendo, na kubadilika kwenye makona, ni ishara ya vile vyuma vidogo vinavyobiringika ndani ya kitovu cha gurudumu. Vyuma hivyo vinabeba uzito wote katika grisi. Grisi ikikauka, au maji na vumbi vikiingia, vyuma huparuzika, hupata moto, na mwishowe huvunjika. Gurudumu laweza kukwama ghafula, au kutoka kabisa.

Kuhakikisha si kazi ya siku nzima. Asimamishe mahali pa sawa, aweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu mengine, ainue lile la mbele kwa kriki. Alizungushe kwa mkono na kusikiliza. Kisha alishike juu na chini, alitikise. Likicheza, amwite boi-shofere akanyage freni kwa nguvu, naye atikise tena. Kama mchezo umekwisha, ubaya uko katika vile vyuma vya kitovu. Kama ungali pale pale, ubaya uko katika chuma kinachogeuza gurudumu usukani unapokatwa. Nasifu sana jaribio hili dogo. Mtu anauliza chuma swali moja, na chuma chajibu, si moyo wa mtu.

Lakini shofere wetu hakushuka. Alijiambia, "Ni jiwe dogo limeingia kwenye freni, litatoka lenyewe." Mbona alichagua jiwe? Kwa sababu jiwe halina gharama. Kama angalisema ni vyuma vya kitovu, ingalimpasa kulala njiani, kumtafuta fundi, kupeleka habari kwa mwenye kamyo. Hakuchagua jiwe kwa kuwa ishara zilionyesha jiwe. Alisikiliza kwa sikio la mfuko. Akaongeza sauti ya redio.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kamyo ikianguka pale Ngomo, naye akasema, "Sikujua kwamba gurudumu limeharibika," je, anadanga? Hapana, hadanganyi. Kweli hakujua. Lakini kuna mambo mengine aliyoyajua. Alijua kwamba pana mlio, tena kwamba kriki iko chini ya kiti, na kwamba nusu saa ingetosha. Aliacha kuinua gurudumu kwa sababu aliogopa jibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba kutojua kwa namna hii hakumwondolei mtu kosa, kwa kuwa mwenyewe amekutaka. Kutojua kwenyewe kumekuwa tendo lake.

Mwingereza mmoja, William Clifford, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1877. Yeye hakushika dini, lakini mfano wake wafaa kufikiriwa. Alisimulia habari za mwenye meli kuukuu iliyokuwa tayari kupeleka wahamiaji ng'ambo ya bahari. Mashaka yalimjia, naye akayafukuza moja moja: imesafiri mara nyingi, mafundi walioijenga ni watu wema, Mungu hatawaacha watu hawa wote. Akaitazama ikiondoka kwa moyo mwepesi. Ikazama. Kisha Clifford akauliza: je, kama isingalizama? Akajibu kwamba kosa lingalikuwa lile lile, kwa maana kosa lilitendwa siku alipoyafukuza mashaka, si siku meli ilipozama. Nami nakubali. Shofere anayefika Uvira salama, gurudumu likiendelea kuvuma, amefanya lile lile alilofanya mwenziwe aliyeanguka. Kwenye vioo vya kamyo zetu imeandikwa kwa rangi nzuri kwamba Mungu ni mwema. Ndiyo, ni mwema. Lakini hakuahidi kutia grisi.

Wengine watapinga: "Kamyo zetu ni za zamani, zinalia kila mahali. Akisimama kwa kila mlio hatafika hata Pasaka." Neno hili lina haki ndani yake, wala sipendi kulipita haraka. Hakuna anayedaiwa kujua kila kitu. Kiti kinacholia, mlango unaogongagonga, chombo cha nyuma kinachotikisika, viache vilie. Kazi ya kutafuta yapimwa kwa mambo mawili: ni hasara gani itakuja ikiwa ubaya ni wa kweli, na ni taabu gani kuhakikisha. Mlango ukianguka tutaucheka. Gurudumu la mbele linashika uhai wa watu wote walio juu ya magunia, na kulihakikisha kunataka kriki na nusu saa. Tena mlio mpya si kama mlio wa kawaida. Shofere mzuri anaijua sauti ya kamyo yake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Usiku kukibadilika, anaamka.

Kuna mtu mwingine hatujamtaja, naye yuko nyumbani mjini: mwenye kamyo. Ikiwa anakata mshahara wa shofere kila anapochelewa, na kumwita mvivu kila anapoomba vyuma vipya, basi yeye ndiye aliyenunua kutojua kwa shofere, kwa bei rahisi. Shofere ana watoto wa kulisha; amefundishwa kutosikia. Hapo mimi naona mzigo mkubwa wa kosa wamlalia mwenye kamyo, hata kama hajakanyaga Ngomo miaka kumi. Mzigo wa shofere wapungua, lakini haukwishi, kwa sababu mikono iliyo kwenye usukani ni yake, na abiria walimpa yeye nauli yao, si tajiri wake. Wao hawakuulizwa kama wanakubali kushuka mteremko juu ya gurudumu lenye mashaka. Kama wangaliulizwa, wengi wangalishuka na kwenda kwa miguu.

Na yule boi-shofere je? Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kusikia, maana husafiri akining'inia ubavuni, sikio lake karibu na gurudumu kuliko la mtu mwingine yeyote. Lakini ni kijana, analipwa kidogo, na akisema huambiwa anyamaze. Shofere anayetaka kujua kweli angemwuliza yeye kwanza, kabla ya kushika kriki.