Ukimtembeza Mtoto Hadi Mtae

Mwanangu,

Nimesikia kwamba likizo ya Juni unataka kumchukua mjukuu wangu mtembee kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, shanta mgongoni, mkilala njiani. Mama yako ameguna. Mimi nimefurahi. Ila miaka yote niliyopeleka wageni katika milima hii ya Usambara imenifundisha kwamba safari ya namna hii ikiharibika, mara nyingi haikuharibiwa na mtoto. Mtoto wa miaka minane ana miguu ya kutosha. Asiyekuwa tayari ni mkubwa wake, ambaye alishajipangia saa ya kufika kabla hata hajafunga mzigo. Kwa hiyo mengi nitakayokuambia hapa yanakuhusu wewe.

Anza na hesabu ya siku. Mtu mzima mwenye pumzi hukata njia hiyo, kupitia msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi, kwa siku tatu. Wewe panga tano, na ya sita iwe ya akiba. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, lakini wewe uwe umeshatua mzigo saa tisa, ikizidi sana saa kumi. Mtoto hachoki kama tunavyochoka sisi, kidogo kidogo. Atakimbia, atacheka, atarusha mawe bondeni, halafu ghafla atakaa chini katikati ya njia na hainuki. Ukiona anajikwaa mahali palipo tambarare, au amenyamaza naye ni msemaji, usisubiri alie. Simameni. Mpe karanga au ndizi mbivu, mvue viatu, mkague vidole.

Najua utaniuliza kwa nini si Kilimanjaro, maana picha zake zinapendeza zaidi. Hifadhi ile hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kupanda kileleni, na wana haki. Mtoto mdogo hajui kutofautisha kichwa kinachouma kwa sababu ya kimo na uchovu wa kawaida; atakwambia tu kwamba hataki kula. Akifikisha umri, mpeleke kwanza Mandara, mita 2,720, mwone msitu, mrudi siku hiyohiyo. Usambara kwa sasa inamtosha. Lushoto yenyewe iko kwenye mita kama 1,400, na popote mtakapopita kuna watu, mashamba na moshi wa jiko.

Baridi sasa. Watu wa Dar es Salaam hawaamini kwamba mkoa wa Tanga una baridi mpaka wakutwe na usiku wa kipupwe huko Lukozi. Mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo hupoteza joto upesi kuliko wako. Wewe ukihisi ubaridi tu, yeye ameshaanza kutetemeka. Nguo za pamba zikilowa jasho au ukungu zinakaa na maji na kumnyonya joto. Nenda soko la Karume, au ukipitia Moshi nenda soko la Memorial, uchambue mitumba: fulana nyepesi za michezo zinazokauka haraka, sweta la sufu, koti la mvua lenye kofia. Hakuna haja ya kununua vipya, mwaka ujao havitamtosha. Kisha tenga suruali moja, soksi nene na sweta moja, uzifunge ndani ya nailoni, na ziwe za kulalia tu. Hata mchana akilowa chapachapa, hizo usiziguse mpaka mmeshapata pa kulala.

Viatu viwe alivyokwisha kuvizoea. Raba mpya ndiyo mama wa malengelenge. Mkate kucha siku mbili kabla, maana kwenye mteremko kidole gumba husukumwa mbele na kucha ndefu hugonga kiatu mpaka inageuka nyeusi.

Abebe mzigo wake mwenyewe, lakini usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Akiwa na kilo 25, basi kilo mbili na nusu: chupa yake ya maji, sweta, tochi, na kitu kimoja alichokichagua mwenyewe, ambacho wewe huna ruhusa ya kukicheka. Yaliyobaki ni yako. Ukiona hutaweza, mtafute kijana wa kuwasaidia kubeba, umlipe vizuri. Wanaume wengi huona aibu hapo, kisha ikifika siku ya pili wanamkaripia mtoto kwa sababu migongo yao wenyewe inauma.

Kuna jambo ambalo wageni wangu hawakupenda kulizungumza, nami nitalizungumza kirefu: choo. Mjukuu wangu amekulia kwenye choo cha kuvuta maji. Akifika kwenye choo cha shimo chenye giza na harufu, atakataa. Atabana siku ya kwanza, atabana ya pili, na siku ya tatu tumbo limejaa, hali, hacheki, nawe unafikiri ni malaria. Mzoeze kabla. Mpeleke kwa shangazi yake kijijini wiki mbili mapema, alale huko, ajifunze kuchuchumaa na kushika tochi kwa mkono mmoja. Njiani, muulize kila asubuhi bila kumwaibisha. Mkishikwa porini, mfundishe kuchimba shimo lenye kina cha shubiri moja, mbali na kijito, hatua zisizopungua sabini, na kulifukia. Na kama bado hukojoa kitandani mara mojamoja, beba kipande cha nailoni cha kutandika chini ya shuka na usimwambie mtu yeyote, hata mimi.

Maji ya kijito cha mlimani yanaonekana safi na kumbe hapo juu kuna ng'ombe. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Mkiwa juu ya mita 2,000 zifanye tatu. Au tumia vidonge vya kusafishia maji na uwe na subira ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mtazame mkojo wake: ukiwa wa manjano iliyokolea, hajanywa. Akija kuharisha, uwe umebeba paketi za ORS na vidonge vya zinki. Paketi zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa bila kilima. Ukizidisha chumvi unamdhuru. Dawa ya homa nunua ya watoto, na mwambie mfamasia uzito wake, akuandikie kipimo kwenye karatasi, kwa sababu usiku wa manane hutakumbuka. Homa ikipanda, usijitibie kwa kubahatisha. Tafuta zahanati apimwe, hasa kama mmewahi kulala Mombo au kwingine bondeni kabla ya kupanda.

Ndani ya Magamba nendeni na kiongozi anayeujua msitu. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo kuna kiingilio. Malizeni hilo Lushoto kabla ya kuondoka. Mtoto awe na filimbi shingoni, si kwenye begi. Mfundishe kwamba akijikuta peke yake hatembei tena: anakumbatia mti mmoja, anapuliza mara tatu, anapumzika, anapuliza tena. Mfanyishe mazoezi nyumbani, mchezo kabisa, wewe ukijificha. Mwambie pia asikanyage mstari wa siafu wala kushika kila jani. Lakini usimtishe. Kiongozi atamwonyesha kinyonga mwenye pembe, na kama wewe bado una ile hofu ya kinyonga uliyorithi kwa bibi yako, iache huko huko Dar. Akitaka kumtazama nusu saa anavyotembea, zipo zile siku tano, mwache atazame.

Kijijini, kabla ya kuuliza gesti, salimu. Mtoto atangulie kusalimia wazee, shikamoo kamili, sio ya kunong'ona. Mlango anaofunguliwa mtoto mwenye adabu wewe na ndevu zako huwezi kufunguliwa. Kama hakuna gesti, ulizeni kwa mwenyekiti wa kijiji au kwenye nyumba za watawa Rangwi, wamezoea wageni.

Na hili tukubaliane sasa, ukiwa bado umekaa. Mpe mtoto haki ya kusimamisha safari. Chagueni neno moja ninyi wawili, na siku akilitamka, mnatafuta bodaboda au gari mnarudi, bila swali na bila uso wa kununa. Utaogopa kwamba atalitumia saa ya kwanza. Nimeona kinyume chake: mtoto anayejua anaweza kurudi hujaribu kilima kimoja zaidi. Tenga hela ya usafiri huo, uifunge mbali na hela nyingine. Kama mkiishia Lukozi, nipigie simu uniambie mmekula nini Lukozi, sitakuuliza habari za Mtae.

Mkifika Mtae, ulizia basi jioni hiyohiyo, maana magari ya kurudi Lushoto huondoka alfajiri sana na hayasubiri mtoto anayetafuta soksi. Alale amevaa. Kutoka Lushoto kupitia Soni mpaka Mombo barabara ni kona juu ya kona, na tumbo la mtoto halizipendi. Zamani tulikuwa tunabeba mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Beba kopo lenye mfuniko unaobana, mkae viti vya mbele, na kopo lishike wewe.